Namna ya Kuisoma Hati ya Mfalme wa Waskoti: Niliyojifunza Nikimfuata Geoffrey Barrow

Babu yangu aliacha karatasi moja ya shamba. Haina tarehe. Inasema shamba lake la Muheza linapakana na la mzee mmoja upande wa juu, na la mzee mwingine upande wa mtoni, na chini kuna majina ya mashahidi watano. Miaka yote niliyofundisha historia sekondari kule Tanga sikuwahi kuihesabu karatasi ile kuwa historia. Ilikuwa karatasi ya nyumbani tu, ya kufungiwa kabatini mpaka siku ya mirathi. Ilibidi nije Uskoti kusomea utunzaji wa nyaraka, nikalishwe mbele ya kipande cha ngozi chenye umri wa miaka zaidi ya mia nane, ndipo nikagundua kwamba mambo ninayoulizwa kwenye ngozi ile ni yaleyale ya karatasi ya babu. Nani katoa, nani kapewa, mpaka unaishia wapi, nani alikuwepo akaona.

Mwalimu wangu katika kazi hii sikuwahi kuonana naye. Geoffrey Barrow alifariki Desemba 2013 akiwa na miaka 89. Alizaliwa karibu na Leeds mwaka 1924, akasoma Inverness, vita vikamkuta akaingia jeshi la majini, kisha St Andrews na Oxford. Alianza kufundisha London mwaka 1950, akawa profesa Newcastle mwaka 1961, akarudi St Andrews mwaka 1974, na kuanzia 1979 hadi 1992 alikuwa Edinburgh akishika kiti cha historia ya Uskoti na paleografia, yaani elimu ya kusoma miandiko ya kale. Wengi wanamjua kwa kitabu chake cha 1965 juu ya Mfalme Robert Bruce na jumuiya ya ufalme wa Waskoti. Ni kitabu kikubwa, kisome. Lakini mimi namheshimu zaidi kwa kazi ambayo watu wachache huifungua: kukusanya hati za wafalme, moja baada ya nyingine, kuzinakili, kuzipa tarehe na kuzichapisha. Za Malcolm wa Nne zilitoka 1960. Za William, aliyekuja kuitwa Simba, zilitoka 1971, akisaidiwa na W. W. Scott. Za David wa Kwanza zilitoka 1999, wakati mzee ameshastaafu miaka saba.

Usidhani zilikuwa zimekaa pamoja mahali akazifuata. Kumbukumbu za wafalme wa Waskoti zimepatwa na misiba. Edward wa Kwanza wa Uingereza alizichukua alipoivamia nchi mwaka 1296, mwaka uleule alipolibeba Jiwe la Scone, jiwe la kutawazia wafalme wa Waskoti. Jeshi la Cromwell, mtawala wa Uingereza, lilipeleka nyingine London katika karne ya 17, na ziliporudishwa, meli iliyoitwa Elizabeth ikazama nje ya pwani ya Northumberland Desemba 1660 pamoja na mapipa ya nyaraka. Kwa hiyo hati za mfalme hazipatikani kwa mfalme. Zinapatikana kwa waliopewa. Watawa wa Melrose walitunza zao, watawa wa Durham wakatunza zao, na abasia nyingi, yaani nyumba za watawa, zilinakili hati zao zote katika daftari moja kubwa ili moto au panya wakila moja, nakala ibaki. Hilo ndilo la kwanza la kukumbuka unapoanza: unasoma sauti ya mfalme kupitia kabati la mtu aliyefaidika. Hati iliyompokonya mtu ardhi haikuwa na wa kuitunza.

Chukua hati moja, moja tu

Wanafunzi wengi huanza na kitabu cha historia nzima ya Uskoti, wakifika kurasa mia majina yanawachanganya, wanaacha. Nakushauri uanze na hati fupi na ukae nayo wiki nzima. Mimi humpa kila anayeniomba msaada hati ileile: ile ambayo Mfalme David wa Kwanza alimpa Robert de Brus bonde la Annan, kusini-magharibi mwa Uskoti. Ni mistari michache. Robert huyu ndiye babu wa mababu wa yule Robert Bruce aliyetawazwa Scone tarehe 25 Machi 1306. Karibu miaka 180 kabla ya ufalme, ukoo uliingia nchini kwa kipande hiki cha ngozi.

Kilatini chake si kigumu. Kama hujasoma Kilatini, usiogope: hati hizi zinarudia maneno yaleyale, na ukishajua maneno mia mbili utazisoma nyingi. Mfalme anawasalimu watu wake wote, *Francis et Anglis*, Wafaransa na Waingereza. Halafu: *Sciatis me dedisse et concessisse Roberto de Brus Estrahanent*. Jueni kwamba nimempa na kumkubalia Robert de Brus Estrahanent (ndilo bonde la Annan), na nchi yote *a divisa Dunegal de Stranit usque ad divisam Randulfi Meschin*, toka mpaka wa Dunegal wa Stranit hadi mpaka wa Ranulf Meschin. Ataishika nchi hiyo na ngome yake kwa desturi zote ambazo Ranulf aliwahi kuwa nazo Carduill (mji wa Carlisle, kaskazini mwa Uingereza) na katika nchi yake ya Cumberland. Wanafuata mashahidi. Mwisho, *apud Scone*, imetolewa Scone.

Inakili kwa mkono wako

Picha za hati nyingi za kipindi hiki zimewekwa mtandaoni bure. Tafuta mradi uitwao Models of Authority, unaohusu hati za Uskoti za miaka 1100 hadi 1250. Fungua picha, chukua daftari na penseli, nakili. Usipige picha ya skrini ukaridhika. Jicho linalosoma tu linaruka, bali mkono unaonakili unakwama pale pale penye tatizo, na kukwama huko ndiko unakokutafuta.

Utakwama kwanza kwenye vijiti. Karani wa karne ya 12 anaandika i, m, n na u kwa mikwaju mifupi ya wima inayofanana, na mara nyingi haweki nukta juu ya i. Neno likiwa na mikwaju saba mfululizo unaweza kulisoma kwa namna nne. Hesabu mikwaju, andika idadi pembeni, kisha jaribu maneno ya Kilatini yanayotoshea idadi hiyo. Utakwama pia kwenye vifupisho, maana ngozi ilikuwa ghali na karani alibana. Herufi p iliyokatwa mstari kwenye mkia wake ni *per*. Alama inayofanana na tarakimu 9 huwa ni *con* mwanzoni mwa neno, na *us* mwishoni. *Test'* ni *testibus*, kwa ushahidi wa hawa.

Shika kanuni moja bila huruma: herufi unazoziona ziandike kama zilivyo, na zile unazojazia mwenyewe ziweke kwenye mabano. Nasema kwa uchungu wa kujifunza. Katika mwezi wangu wa pili nilinakili hati ya Mfalme William yenye shahidi aliyeandikwa *W. cancellario*. Nikajaza moja kwa moja "William, kansela", yaani mkuu wa makarani wa mfalme, bila mabano, nikafungua orodha ya makansela, nikamkuta William del Bois aliyeshika kazi hiyo kuanzia 1211, nikaipa hati tarehe ya mwisho mwisho wa utawala. Nilijenga ukurasa mzima wa hoja juu yake. Mwalimu wangu wa chuoni alisoma kimya, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza kabisa: *Willelmus Rex Scottorum*. Akaniuliza, "Neema ya Mungu iko wapi?"

Haikuwepo. Makarani wa William walianza kumwandika *Dei gratia*, kwa neema ya Mungu, kama kawaida kuanzia kama mwaka 1173 au 1174. Kabla ya hapo yeye ni mfalme wa Waskoti, basi. Hati yangu ilikuwa ya miaka ya mwanzo, na yule W. alikuwa Walter de Bidun, kansela wa zamani aliyefariki 1178. Nilikuwa nimekosea kwa karibu miaka arobaini kwa sababu ya herufi moja niliyoijaza kwa kujiamini. Kipimo kile cha maneno mawili ni aina ya matunda unayoyapata pale mtu anapoweka mamia ya hati mezani pamoja, kama Barrow alivyofanya. Kwenye hati moja haungekiona.

Waulize mashahidi

Hati nyingi za wakati ule hazina mwaka. Za William zilianza kutaja siku na mwezi kuanzia 1195 hivi, lakini mwaka bado hazitaji. Kwa hiyo tarehe unaitengeneza kwa watu. Fanya zoezi hili, nimelitunga mwenyewe lakini watu wake ni wa kweli. Umepata hati ya Mfalme William, mashahidi wawili ni Jocelin askofu wa Glasgow na Walter mwana wa Alan, msimamizi wa nyumba ya mfalme. Jocelin alikuwa abati wa Melrose mpaka alipochaguliwa kuwa askofu mwaka 1174. Walter alifariki 1177. Basi hati haiwezi kuwa kabla ya 1174 wala baada ya 1177. Sasa itazame tena. Je, imeandikwa *episcopo* au *electo*? Kama ni *electo*, Jocelin amechaguliwa lakini bado hajawekwa wakfu, na wakfu wake ulikuwa 1175. Neno moja limekupunguzia miaka miwili.

Andika 1174 × 1177, kwa alama ya kuzidisha, si kwa mstari. Mstari unamaanisha jambo lilidumu toka mwaka huu hadi ule. Alama ya × inamaanisha lilitokea siku moja, mahali fulani katikati, na hatuijui siku hiyo. Ni alama ya uaminifu na ninaipenda.

Kuwapata watu hawa zamani kulitaka miaka ya kupekua. Leo kuna hifadhidata ya bure mtandaoni iitwayo People of Medieval Scotland, yenye zaidi ya watu 20,000 waliotajwa katika hati, ikianzia 1093. Andika jina, utaona kila hati aliyoishuhudia. Itumie, ila baada ya kunakili. Ukianza nayo utaona unachotaka kuona.

Rudi sasa kwenye bonde la Annan. Mashahidi ni tisa: Eustace mwana wa John, Hugh de Morville, Alan de Percy, William de Somerville, Berengar Engaine, Ranulf de Soules, William de Morville, Hervey mwana wa Warin, na Edmund mtunza chumba cha mfalme. Yasome kwa sauti, kama unavyosoma majina ya waliohudhuria kikao cha ukoo, kisha ujiulize nani hayupo. Hakuna askofu hata mmoja. Hakuna mkuu wa Kigaeli hata mmoja, yaani wa wenyeji wenye lugha ya Kigaeli. Tupo Scone, kitovu cha ufalme wa Waskoti, mfalme anagawa nchi kubwa mpakani, na waliosimama kushuhudia karibu wote wana majina ya Kifaransa. Tena salamu yenyewe imewaelekea Wafaransa na Waingereza. David alikulia kwenye jumba la kifalme la Henry wa Kwanza wa Uingereza, na hawa ni watu wake wa kule.

Barrow hakuishia kusema "walikuwa Wanormani", watu wa Normandy huko Ufaransa. Alifuatilia kila ukoo mpaka kijiji ulikotoka. Brus ni watu wa Brix, rasi ya Cotentin, Normandy. Ukoo wa yule Walter mwana wa Alan ulikuwa wasimamizi wa nyumba ya askofu wa Dol, Brittany. Cheo chake cha Uskoti ndicho kilichogeuka jina la ukoo, Stewart, ambao walikuja kuwa wafalme mwaka 1371. Na wewe fanya hivyo. Kila shahidi mpe mstari wake: alikotoka, alichomiliki, alimwoa nani, alikufa lini. Kazi inachosha, lakini mwisho wake hutaona tena orodha, utaona chumba chenye watu.

Na tarehe ya hati hii? Hapa tenganisha kilichothibitika na kinachojengewa hoja. Kilichothibitika: David alirithi ufalme Aprili 1124, na Robert alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1140. Kati ya hapo, wanahistoria huiweka 1124 yenyewe, kwa sababu iko Scone, mahali pa kutawazwa, na kwa sababu mfalme anaonekana bado amezungukwa na wenzake wa kusini. Mimi nakubaliana nao. Ila kwenye daftari langu hoja iko mstari wake na ushahidi uko mstari wake.

Tazama ambacho hakikuandikwa

Hati ya David haisemi Robert atatoa nini. Hakuna idadi ya askari, hakuna kodi, na warithi hawatajwi. Sasa weka kando yake hati ambayo mjukuu wa David, William, alimpa Robert wa pili, mwana wa huyu wa kwanza, kati ya 1165 na 1173, kwa bonde lilelile. Hii inasema kwa utumishi wa mashujaa kumi wa farasi. Mfalme anajibakizia pia kesi kubwa, kama mauaji na uchomaji moto. Ndani ya miaka hamsini hivi, maneno "shika vizuri na kwa heshima" yamekuwa mkataba wenye hesabu. Ukitaka kujua serikali ilivyokua Uskoti, usianze na sheria. Linganisha hati mbili za ardhi moja.

Angalia pia mipaka. Hakuna mto uliotajwa, hakuna jiwe wala mti. Mipaka ni watu: Dunegal upande mmoja, Ranulf upande wa pili. Dunegal wa Stranit ni bwana wa Kigaeli wa bonde la Nith. Mwenyewe hakushuhudia, lakini hati nzima imeegemea mpaka wake, na mpaka huo ulijulikana sana hadi haukuhitaji kuelezwa. Nilipofika hapo ndipo nilipokumbuka "linapakana na" ya babu. Na Ranulf? Huyu alipata cheo cha earl, bwana mkubwa, wa Chester baada ya binamu yake kuzama na meli ya White Ship Novemba 1120, akaiachia Carlisle, ndiyo hiyo Carduill. Ndiyo maana hati inasema *habuit*, alikuwa nayo. Kitenzi cha wakati uliopita kinakuambia kwamba jirani ameshahama, lakini watu bado wanauita mpaka kwa jina lake.

Toka nje

Estrahanent na Stranit ni neno moja mara mbili: bonde pana, pamoja na jina la mto, Annan na Nith. Karani yuleyule ameandika kwa namna mbili katika mstari mmoja, kwa hiyo usihukumu tahajia. Tafuta majina kwenye ramani za zamani za Ordnance Survey, idara ya ramani ya serikali, za inchi sita kwa maili, za katikati ya karne ya 19, ambazo Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeziweka bure mtandaoni. Zina mashamba madogo ambayo ramani za leo zimeyafuta. Barrow aliyachukulia majina ya mahali kuwa ushahidi sawa na ngozi. Majina yanayoanza na *Pit*, kama Pitlochry na Pittenweem, yana neno *pett*, kipande au fungu la ardhi, ambalo utalikuta pia katika maandishi ya Kigaeli ya karne ya 12 kwenye Kitabu cha Deer, kitabu cha kale cha watawa. Ukiyapanga kwenye ramani unaona mashariki ya nchi yakijaa, na unaona ugawaji wa ardhi uliokuwepo kabla ya Mnormani yeyote kufika. Hoja hiyo, kwamba wageni walikuta mpangilio wa kale wakaukalia juu yake, inapita katika maandishi yake mengi.

Ukiweza, nenda. Nilipanda treni kutoka Carlisle kwenda Annan; ni safari fupi, dakika ishirini hivi. Mjini, kando ya mto, kipo kichuguu kikubwa cha udongo ambapo ngome ya ukoo wa Brus ilisimama. Mto umekula sehemu yake. Baadaye ukoo ulihamia Lochmaben, na wasomi bado wanabishana *suum castellum*, "ngome yake", ni ipi kati ya hizo mbili. Nilishuka hadi ufukweni. Ng'ambo ya maji ya Solway milima ya Cumberland ilikuwa inaonekana wazi, karibu kiasi kwamba unadhani utaita mtu akaitika. Nikaelewa kwa nini David aliandika desturi za Carduill na si za Scone: Robert aliwekwa hapa awaangalie watu wa upande ule, kwa masharti waliyoyazoea wao.

Ukirudi, andika ukurasa mmoja usiozidi. Juu tarehe na alama yake, mahali ilipotolewa, muhtasari wa sentensi mbili. Kisha maandishi yenyewe na mabano yako. Mashahidi, kila mmoja na mstari wake. Mwisho maswali ambayo hukuyajibu, maana mwingine atakuja na hati usiyoijua.

Mwezi uliopita nilimpigia shangazi Muheza nikamsomea mashahidi wa karatasi ya babu. Wa tatu, akasema, alihamia kijijini baada ya Uhuru, kabla ya hapo hakuna aliyemjua. Wa kwanza walimzika kabla ya Azimio la Arusha, anakumbuka kwa sababu mtoto wake ndiye aliyewaletea redio kulisikiliza. Nikaandika kwa penseli, juu ya bahasha na si juu ya karatasi yenyewe: 1961 × 1967.